India Isiyo na Korido

Bi Zuhura,

Shikamoo. Naacha nafasi hapa uitikie, maana hukuwa na haraka ya kuitikia. Ulikuwa unamaliza kwanza kufunga boksi, unaikata selotepu kwa meno, unalisukuma boksi pembeni kwa mguu, ndipo unasema "marahaba, mwanangu," na mimi nimeshasahau kama nilikuamkia.

Nakuandikia Ijumaa mchana. Nimetoka kuswali, nimekaa kwenye meza yetu ya dirishani katika ule mgahawa wa Kichina wa tambi, barabara ya Huanshi, na mwenye mgahawa ameniletea vikombe viwili vya chai kama zamani. Miezi ya mwanzo nilikuwa namwonyesha kidole kimoja, kwamba niko peke yangu. Siku hizi namwachia tu, nakunywa vyote. Xiaobei, mtaa wetu wa mizigo, iko vilevile. Selotepu zinalia kila ghorofa tangu asubuhi, na wageni wameshaanza kujaa mahotelini kwa sababu maonyesho ya biashara ya Pazhou yanafunguliwa wiki ijayo. Karibu mwaka mzima umepita tangu ufariki, Bi Zuhura, na leo ndiyo mara ya kwanza nathubutu kukuandikia, kwa sababu leo nina la kukwambia.

Nimekwenda India. Nimekwenda, nimepanda, nimefika, nimerudi mzima.

Wewe unajua uzito wa maneno hayo. Kwetu mtu akisema anakwenda India hakuna anayemuuliza atatembelea wapi. Watu wanampa pole na kuuliza ni figo au ni moyo. Mama yangu wa Temeke nilipomwambia kwenye simu aliniuliza nimeanza kuumwa lini. Nikamwambia siumwi, nakwenda kutembea milimani. Akasema nisimfiche, yeye ni mzazi. Ilibidi nimpigie kwa video nirukeruke mbele yake ndipo akaamini, na hata hivyo siku ya safari alinisomea dua ya mgonjwa.

Na India yako wewe ilikuwa hiyohiyo. Wiki saba ulikaa Chennai ukimuuguza Mzee Khamis, mumeo, na ulizoea kusema, "Mwaju, India nzima mie naijua korido moja." Ulinisimulia korido ile mpaka nikawa naiona: viti vya chuma, harufu ya dawa ya sakafu, na kalenda ukutani karibu na mlango wa chumba cha mashine. Mwezi ule picha ilikuwa ya ziwa dogo, na nyuma yake milima yenye theluji. Ulimuuliza muuguzi ni wapi pale, akakujibu ni kaskazini, mbali sana. Ukaipiga picha kwa simu kabla ukurasa haujageuzwa. Mzee Khamis alirudi Unguja ndani ya sanduku, nawe ukarudi na lile ziwa kwenye simu. Miaka minne nililiona kila ulipotazama saa.

"Nataka nirudi India na mimi mzima, na simpeleki mgonjwa," uliniambia. "Nikaone mlima, nikaone ziwa, halafu nishuke pwani ya kwao nisimame upande wa pili wa bahari yetu. Sitaki India ibaki korido." Ukaniomba nikusindikize, kwa sababu binti yako Rukia hakutaka hata kulisikia jina la nchi ile. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo haraka sana, kama mtu anayekubali mwaliko wa harusi ya mbali.

Unakumbuka tulivyoanza mazoezi mlima Baiyun? Jumapili asubuhi, wewe umelipandisha baibui kwa pini, mimi na raba zangu za sokoni. Hatujafika hata robo ya njia, wakatupita bibi watatu wa Kichina wanatembea kinyumenyume huku wanapiga makofi. Kinyumenyume, Bi Zuhura! Ulishika kiuno ukasema, "Mwaju, tumepitwa na watu wanaotazama walikotoka." Tulicheka mpaka tukakaa chini, na mmoja wao akarudi kutugawia vichenza, nadhani alituona tunakaribia kuzimia. Mwezi wa tatu wa mazoezi tulifika juu bila kukaa, nawe ukazunguka kilele kizima ukimtafuta bibi yule akuone.

Halafu ukanunua mabuti. Wewe uliyekuwa ukibishania bei ya mfuko wa plastiki! Uliingia katika duka la vifaa vya milimani, ukayavaa, ukatembea nayo mara mbili kutoka mlangoni mpaka kaunta, ukalipa bila kufungua mdomo. Nilidhani umeanza kuumwa. Ukaniambia, "Mwenye kiwanda hapunguzi bei, Mwaju. Anapunguza gundi. Bishana kwa vya kuuza, lakini kitakachokubeba wewe usikibishanie."

Uliniambia kwa mdomo wako, na nilikuwa nimesimama karibu yako. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa naandika sehemu inayoniuma. Kila ulipotaja tarehe ya safari, jibu langu lilikuwa moja: baada ya maonyesho. Ya masika yakiisha kuna mizigo ya kusafirisha, mizigo ikiisha yanakuja ya vuli, nayo yakiisha ni mwisho wa mwaka na wateja wa nyumbani wanapiga simu usiku na mchana. Mara nne nilikujibu hivyo. Hukunikasirikia hata mara moja. Ulikuwa unasema "haya," unayarudisha mabuti kwenye boksi lake, unaendelea na kazi. Laiti ungenigombeza.

Vuli iliyopita ulikwenda Unguja kwa harusi ya mpwa wako, siku kumi tu. Siku ya saba Rukia akanipigia. Nilikuwa Pazhou, katika ukumbi wa vyombo vya jikoni, mteja kutoka Mwanza ananivuta mkono nimuulizie masufuria. Rukia akasema umeanguka baada ya swala ya alfajiri, presha, na hukuamka tena. Wakakuzika alasiri ya siku ileile. Mazishi yetu hayasubiri ndege, na mimi hata ningekimbia uwanjani muda ule nisingekuwahi. Nilikaa chini katikati ya masufuria nikalia kwa sauti. Kijana wa kibanda alidhani nimeibiwa mkoba, akaniletea maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, akachuchumaa karibu yangu mpaka nikayanywa. Ujumbe wangu wa mwisho kwako ulikuwa, "Baada ya maonyesho, Bi Zuhura, inshallah." Uliusoma. Alama mbili za buluu ninazo mpaka leo.

Nisamehe. Nimelisema mara nyingi makaburini kwa mawazo tu, leo nalisema kwa kalamu. Nisamehe.

Rukia ndiye aliyenituma nikasafishe chumba chako cha ghorofa ya tisa. Nguo nilizigawa kama alivyoagiza, sampuli nikazirudisha kwa wenyewe, mabuti nikayabeba nyumbani bila kumwambia mtu. Yamekaa chini ya kitanda changu tangu siku hiyo. Mwezi wa nane mwaka huu nilikuwa nafagia, ufagio ukagonga boksi, nikalitoa na kulifunua. Yalikuwa safi, Bi Zuhura. Hayajakanyaga hata vumbi la Baiyun, kwa kuwa ulisema unayaweka kwa India. Nilikaa sakafuni nikasema basi, nakwenda, na nakwenda mwezi wa tisa, maonyesho yawe au yasiwe. Wewe hukufika, lakini mabuti yako yatafika. Nitayaacha kando ya ziwa juu ya jiwe, nikusomee dua, nirudi.

Rukia nilipomweleza alipandisha hasira. "Huko ndiko alikofia baba," aliniambia. "Na wewe dada ndiye uliyekuwa unamtia mama ujinga huo wa milima." Akakata simu. Wiki tatu hakujibu ujumbe wangu wowote. Sikumlaumu. Kwake India ni lile sanduku lililoshushwa uwanja wa ndege, hana picha nyingine.

Basi nikajiandaa. Picha yako ya kalenda nilimtumia kijana mmoja wa Himachal, kaskazini kule, anayeongoza wapanda mlima, anaitwa Mohan, nikamuuliza ni wapi. Akajibu inafanana na ziwa Kareri, kutembea siku mbili, njia si mbaya kwa anayeanza. Viza nikaipata. Begi nikalifunga kama tunavyofunga mizigo ya kontena: nikalijaza mpaka likashindwa kufunga, nikalikalia, nikaliviringisha selotepu pande zote sita. Mohan aliponipokea alilitazama akaniuliza kama ndani kuna friji. Tulilikata kwa kisu barabarani, na akatoa kimoja kimoja akiuliza hiki cha nini. Unga wa sembe kilo tatu. Pasi. Sijui pasi ilikuwa ya nini, Bi Zuhura, mkono umezoea kujaza nafasi.

Sasa lile la mabuti. Mimi nami nilihitaji ya kwangu, maana yako nilikuwa nayabeba tu. Nikaenda duka moja la jumla la viatu, nikaona ya kijani mazuri, na laobani, mwenye duka, akataja bei. Wallahi nilitaka kulipa. Mdomo wangu ukasema wenyewe "ghali mno." Akashuka. Nikageuka kama naondoka, akashuka tena. Tukaenda hivyo mpaka akacheka akasema mei wenti, hakuna tatizo, njoo kesho uchukue. Njoo kesho! Miaka tisa katika kazi hii na sikujiuliza kwa nini niende kesho wakati mabuti yapo mbele yangu rafuni. Nilitoka pale nikitamba.

Tulianza kupanda asubuhi, mimi, Mohan, na begi langu lililopunguzwa nusu. Njia inafuata mto wa mawe, maji yake meupe yanapiga kelele, unavuka mara kushoto mara kulia kwenye madaraja ya mbao. Misonobari inanukia kama mbao mpya za kufungia mizigo dhaifu. Mohan ananiita didi, kwao ndiyo dada. Tukagundua yeye akisema chai, chapati, duka, gari, na mimi nasema hivyohivyo, ikawa mchezo wetu wa njiani, kila mmoja anarusha neno kuona kama mwenzake analo. Pumzi ilinikatika mapema. Lakini miguu yangu ilikumbuka Baiyun, Bi Zuhura, na kila nilipotaka kukaa niliwaona wale bibi wanakuja kinyumenyume.

Saa saba mchana buti la kulia likaachama. Nilisikia ubaridi wa maji vidoleni, nikatazama chini, soli inaning'inia. Mohan akalifunga kwa kamba. Hatua hamsini mbele, la kushoto nalo likafuata. Nikakaa juu ya jiwe na soli zangu mbili mkononi, nikazigeuza, na gundi yenyewe ilikuwa imepakwa ukingoni tu, nyembamba kama siagi ya mtu bahili. Ile "kesho" ya laobani ndiyo hiyo. Nilimpa bei ya buti la kupiga picha, akanitengenezea buti la kupiga picha.

Mohan akasema ni bora turudi, mawe ya mbele ni makali na kwa zile raba za plastiki nilizo nazo begini nitateguka. Alisema kwa upole, lakini nilisikia moyo umeshuka. Nilijiona narudi Xiaobei kumwandikia Rukia kwamba sikufika, na kukwambia wewe "baada ya" nyingine. Nikalia tena. Mohan akageuka akajifanya anatazama mto.

Halafu yeye akaniuliza lile boksi nililolibeba mgongoni tangu asubuhi lina nini.

Nilikataa. Nilimwambia hayo ni ya marehemu, hayavaliwi, yanapelekwa. Yeye hakubisha, alikaa tu akamenya yai. Na katika kukaa huko nikakusikia, sisemi kwa sikio, lakini sauti yako naijua: "Mwaju, we! Umenibebea viatu mgongoni, wewe mwenyewe uko peku?" Nikacheka peke yangu. Wewe miguu yako ni thelathini na tisa, mimi ni thelathini na saba. Nikavaa soksi jozi tatu, nikasema bismillahi, nikayafunga kamba mpaka juu. Yakanishika vifundo kwa nguvu. Ulinunua kitu, mama.

Tulifika ziwani alasiri. Lilikuwa kimya na la kijani, na milima imesimama nyuma yake, vichwani ina theluji kidogo. Kondoo wa wachungaji wanashuka kunywa maji kana kwamba pale ni pa kawaida. Nikatoa simu, nikaiweka picha ya kalenda mbele yangu, nikaanza kulinganisha. Kilele hiki hakipo. Kile nacho hakipo. Nikamtazama Mohan. Akajikuna shingo, akasema, didi, nilisema linafanana. Kusema kweli, akasema, kalenda za hospitali wanaweka picha yoyote nzuri, hii inaweza hata kuwa Uswisi.

Uswisi, Bi Zuhura! Mwaka mzima tunapanda Baiyun kwa ajili ya Uswisi! Nilicheka mpaka kondoo wakainua vichwa, na nilijua kabisa kwamba ungekuwepo ungecheka kunishinda, halafu ungesema "haya," na ungeendelea kutazama. Basi nikatazama. Nikatawadha kwa maji yale, baridi yake iliniuma mpaka kwenye mfupa wa kiwiko, nikaswali, nikakuombea wewe na Mzee Khamis kwa majina yenu yote. Wakati wa kuswali nilihisi wepesi ambao sijaupata tangu siku ya masufuria. Korido sikuiona pale. Niliitafuta makusudi, na sikuiona.

Kuyaacha mabuti juu ya jiwe haikuwezekana. Ningeshukaje? Na Mohan alishanieleza kwamba mlimani hakiachwi kitu, yeye hata maganda ya mayai aliyatia mfukoni. Kwa hiyo niliyavua tu kidogo, nikayaweka ukingoni yakitazama maji, nikapiga picha, nikayavaa tena. Nilipata mtandao siku ya pili bondeni, nikaituma picha kwa Rukia bila neno lolote.

Pwani nilikwenda mwenyewe. Nilishuka mpaka Varkala, Kerala, kule kusini, kuna genge la udongo mwekundu na mchanga chini yake. Nilivua mabuti, nikaingia maji mpaka magotini. Wavuvi wa pale wanavaa vitambaa viunoni kama vikoi vyetu, na muuza nazi alinikatia dafu bila kuniuliza ninatoka wapi. Nilisimama natazama magharibi. Kibla kilikuwa mkono wa kulia kidogo, na kwetu mkono wa kushoto kidogo, katikati maji matupu. Ulipo wewe ni upande ule. Nikakupungia mkono. Watu walidhani namwita mtu aliyeko majini, mmoja akaanza kumtafuta.

Nikiwa hapohapo mchangani simu ikalia. Rukia. Baada ya wiki tatu na zaidi, nilidhani ananigombeza. Alikuwa ameandika: "Hayo ni ya mama?" Nikajibu ndiyo. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika. Halafu: "Ni namba ngapi?" Nikamwambia thelathini na tisa.

Akaandika, "Namba yangu."

Tumezungumza kila siku tangu hapo. Ameniuliza baridi ikoje, ameniuliza chakula, ameniuliza kama baba naye alipata kuuona mlima wowote dirishani kule Chennai. Nikamwambia sijui, ila tunaweza kupita Chennai kwanza, tukapige hodi kwenye korido ile, tumsalimie muuguzi kama bado yupo, halafu tuondoke kwenda kaskazini. Amesema atafikiria. Jana amesema ameshafikiria.

Mabuti yako yako mlangoni kwangu, sijayaosha. Udongo wa Himachal umekauka kwenye soli na gundi haijaachia hata nukta. Nimeshakwenda kwenye lile duka lako la vifaa vya milimani nikanunua ya kwangu, thelathini na saba, na nikalipa nimefunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda mlima.

Pumzika, Bi Zuhura. Chai yako nimeinywa, usijali, haikupotea. Mungu akulaze panapo kivuli na maji, na Mzee Khamis awe karibu. Yale niliyokuahidi nikakuchelewesha, nayalipa kwa mwanao, na mkono wake nitaushika kwenye kila daraja la mbao.

Asubuhi hii Rukia ameniuliza mwakani tunakwenda lini. Vidole vyangu vikaanza kuandika lile jibu langu, unalijua. Nikafuta, nikamwandikia: kabla ya maonyesho.

Mwanao wa Xiaobei,
Mwaju